Betri Ipi Imekufa? Namna ya Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Gari la Umeme Lililozeeka

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu wa kutafuta hitilafu za umeme katika gari la umeme lililozeeka. Mfano unaotumiwa ni gari aina ya Nissan Leaf la kizazi cha kwanza, ambalo limefika Kenya kwa wingi kiasi likiwa tayari limetumika nchini Japani. Hoja kuu ni kwamba gari la umeme lina mifumo miwili ya umeme iliyo tofauti kwa nguvu, kwa kazi na kwa hatari, na kwamba fundi asiyeitenganisha mifumo hiyo katika vipimo vyake na katika maneno yake humtia mwenye gari hasara na hujitia mwenyewe hatarini.

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Fundi mzoefu huikubali methali hii, lakini huiongezea tahadhari: si kila wingu hunyesha. Katika gari la umeme ambalo umri umelipita, dalili moja huweza kutokana na sababu kadhaa, na sababu moja ndogo huweza kuzaa dalili nyingi za kutisha kwa wakati mmoja. Kutafuta hitilafu basi ni kazi ya kupambanua, yaani kuondoa sababu zisizohusika moja baada ya nyingine hadi ibaki ile inayohusika.

Suala hili lina uzito wake nchini Kenya. Nissan Leaf ilianza kuuzwa nchini Japani na Marekani mnamo Desemba 2010. Kwa kuwa kanuni za Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, magari mengi ya aina hii yaliyoletwa kutoka Japani yalifika yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa. Kuanzia mwaka wa 2018 hadi 2022, huduma ya teksi ya NopeaRide iliyatumia jijini Nairobi, na watu binafsi wakaagiza mengine. Yale ya miaka ya mwanzo sasa yamepita umri wa miaka 10, na matatizo yake yanafikishwa kwa mafundi ambao wengi wao walijifunza kazi kwenye injini za petroli na dizeli.

Gharama ya kukosea ni kubwa. Mwenye gari husema, “Fundi, betri imekufa,” naye fundi akaitikia kuwa kweli imekufa. Wawili hao huenda wanazungumzia vitu viwili. Betri moja hununuliwa katika duka lolote la vipuri. Nyingine ina uzito wa karibu kilo 300 na bei yake huweza kuikaribia thamani ya gari zima. Neno moja lisilopambanuliwa linatosha kumfanya mtu auze gari lake kwa bei ya vyuma chakavu.

Mifumo Miwili katika Gari Moja

Mfumo wa kwanza ni wa volti 12. Huu haujatofautiana sana na ule wa gari la petroli. Una betri ndogo ya risasi na asidi iliyowekwa mbele, chini ya boneti, na ndio unaowasha taa, redio, kufuli za milango na, muhimu zaidi, kompyuta zote za gari. Waya wake hasi umefungwa kwenye bodi, hivyo bodi yenyewe hutumika kama njia ya kurudishia mkondo.

Mfumo wa pili ni wa volteji kubwa. Betri yake kuu imelazwa chini ya sakafu ya gari. Katika Leaf ya kwanza betri hii ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 24, ikiwa na seli 192 zilizopangwa katika moduli 48 za seli 4 kila moja. Seli hizo zimeunganishwa mbili mbili, na jozi 96 zinazopatikana zimefungwa kwa mfululizo. Jozi moja ikijaa huwa na takriban volti 4.1, jozi 96 basi hutoa karibu volti 394. Umeme huo hupitia inveta na kuizungusha mota, na pia huendesha kompresa ya hewa baridi na kipasha joto. Kebo zake zina rangi ya machungwa ili yeyote afunguaye boneti ajue mpaka uko wapi. Tofauti na mfumo mdogo, mfumo huu haugusi bodi mahali popote: ncha yake chanya na ncha yake hasi zote zimehamiwa.

Mifumo hii inakutana mahali pawili. Kwanza, kuna kigeuzi cha volteji ambacho huchukua umeme wa betri kuu na kuipa betri ndogo chaji, kazi ambayo katika gari la petroli hufanywa na alteneta. Pili, kuna relei kuu zilizomo ndani ya betri kuu. Relei hizi ni swichi kubwa zinazofungwa kwa nguvu ya volti 12. Betri ndogo isipokuwa na nguvu, relei hazifungi, na betri kuu hata iwe imejaa pomoni haitoi umeme wowote. Kwa maneno mengine, betri kubwa ni ghala na betri ndogo ni ufunguo wake.

Usalama Hutangulia Ufundi

Mkondo mnyoofu wa volti karibu 400 huua. Kwa hiyo mpaka kati ya kazi ya fundi yeyote na kazi ya fundi aliyefunzwa uchorwe mapema. Kupima betri ya volti 12, kukagua fyuzi zake, kusoma kodi za hitilafu na kuchunguza plagi ya ukutani ni kazi zisizohitaji kugusa kebo ya rangi ya machungwa. Kazi inayovuka mpaka huo inahitaji mafunzo, glavu za mpira zilizoidhinishwa kwa volti 1,000, na mtu wa pili aliye karibu.

Utaratibu wa kuuzima mfumo mkubwa una hatua zisizorukwa. Gari huzimwa na ufunguo wake kuwekwa mbali. Waya hasi wa betri ndogo hufunguliwa. Kisha plagi ya usalama, iliyo chini ya zulia katikati ya sakafu, hung’olewa, na fundi huitia mfukoni ili mtu mwingine asiirudishe. Baada ya hapo husubiriwa angalau dakika 10 ili kapasita zilizomo kwenye inveta ziishiwe na umeme zilizouhifadhi. Hatimaye fundi hupima kwa multimita na kuthibitisha kuwa volteji imeshuka hadi karibu na sifuri. Multimita hiyo nayo hujaribiwa kwenye chanzo kinachojulikana, kabla na baada ya kipimo, kwa kuwa multimita mbovu pia husoma sifuri. Ikumbukwe vilevile kwamba plagi ya usalama hukata njia tu. Seli zilizomo ndani ya betri bado zina umeme wake.

Kusikiliza Kabla ya Kupima

Fundi wa gari la umeme hukutana na lugha tatu. Magari yaliyotoka Japani huandika ujumbe wake kwa Kijapani, kifaa cha kusoma kodi hujibu kwa Kiingereza, naye mwenye gari hueleza shida yake kwa Kiswahili. Fundi asiyesoma Kijapani hutegemea alama za dashibodi: gari la manjano lenye alama ya mshangao kwa hitilafu ya mfumo wa umeme, betri nyekundu kwa mfumo wa volti 12, na kobe wa manjano kwa gari lililopunguziwa nguvu.

Ushahidi wa kwanza, hata hivyo, haumo kwenye alama. Umo katika masimulizi ya dereva, na maswali ya kuyapata ni machache. Hitilafu ilianza lini? Hutokea gari likiwa limetoka kuegeshwa kwa muda mrefu, au baada ya mwendo mrefu? Huja wakati wa mvua? Huja hewa baridi inapowashwa? Gari linakataa kuchaji nyumbani peke yake au kila mahali? Kuna kifaa chochote kilichofungwa karibuni, kama vile king’ora au kifuatiliaji? Kila jibu hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na fundi aliyeuliza vizuri huanza kupima akiwa tayari ameondoa nusu ya sababu zinazowezekana.

Kodi zenyewe husomwa kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Kwa Leaf, wengi hutumia kifaa kidogo cha Bluetooth pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo huonyesha pia volteji ya kila jozi ya seli. Kodi zikisomwa ziandikwe, kisha zifutwe, gari liendeshwe na kodi zisomwe tena. Zinazorudi ndizo zenye habari ya leo. Zisizorudi huenda ni kumbukumbu ya siku ambayo betri ndogo iliishiwa na nguvu.

Betri Ndogo, Lawama Kubwa

Katika gari la petroli, betri inayodhoofika hujitangaza: stata huzunguka kwa uvivu, na dereva hupata onyo la siku kadhaa. Gari la umeme halina stata. Betri yake ndogo haiombwi mkondo mkubwa wa ghafla, hivyo huweza kuzeeka kimya kimya hadi asubuhi inaposhindwa kabisa kuziamsha kompyuta. Siku hiyo kila kompyuta hupokea volteji ya chini kwa namna yake na kila moja hulalamika kivyake. Dashibodi hujaa taa: breki, usukani, mfumo wa umeme, mikoba ya hewa. Mwenye gari huona gari zima limeharibika, kumbe kilichoharibika ni kimoja.

Kwa sababu hii, kipimo cha kwanza katika kila hitilafu ya gari la umeme lililozeeka ni kile cha betri ndogo. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima yenye chaji kamili husoma karibu volti 12.6. Ikisoma volti 12.0 au chini yake, imekaribia kuisha. Kisha gari huwashwa hadi alama ya kijani ya utayari ionekane, na kipimo hurudiwa. Sasa multimita isome kati ya volti 13 na 14.5, kwa kuwa kigeuzi kinachaji. Ikiwa volteji inabaki palepale au inashuka, lawama huhama kutoka kwenye betri na kwenda kwenye kigeuzi, fyuzi yake au kebo inayoviunganisha.

Betri ikiwa nzima na kigeuzi kikiwa kinafanya kazi, viungo ndivyo hukaguliwa. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri, boliti iliyolegea au waya wa eathi ulioshikwa na kutu huongeza ukinzani. Ukinzani huo hauonekani wakati mkondo ni mdogo, bali hujitokeza mizigo mingi inapowashwa kwa pamoja. Njia bora ya kuufichua ni kuwasha taa kubwa na feni, kisha kupima volteji kati ya kichwa hasi cha betri na bodi. Kipimo kinachozidi nusu volti kinaonyesha kuwa umeme unapotelea kwenye kiungo.

Sababu nyingine ni mnyonyo wa umeme wakati gari limelala. Kifuatiliaji au king’ora kilichofungwa vibaya huweza kuchukua miliampea 50 mfululizo. Kiasi hiki ni kidogo kwa macho, lakini kwa siku moja ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45 ambayo haipati nyongeza hupoteza nusu ya akiba yake chini ya siku 20. Kuweka betri mpya bila kuondoa mnyonyo huo ni kama kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Gari Linapokataa Kuchaji

Kuchaji ni mnyororo wenye pete nne: soketi ya ukutani, kifaa cha kuchajia pamoja na kebo yake, soketi ya gari, na chaja iliyomo ndani ya gari. Pete moja ikikatika, dalili ni ileile kwa zote: gari halijai. Kanuni ni kuanza na kilicho rahisi na kuendelea kwa kubadilishana. Gari hilo lichajiwe kwa kifaa kingine. Kifaa hicho kitumike kwa gari jingine. Majaribio hayo mawili hutosha kuonyesha kosa liko upande upi.

Kabla ya majaribio hayo, kuna sababu isiyo hitilafu kabisa. Leaf ina saa ya kupanga muda wa kuchaji. Mwenye gari wa awali nchini Japani huenda aliipanga ianze kuchaji usiku, na mwenye gari mpya, asiyeweza kusoma menyu ya Kijapani, hudhani chaja imekufa kila anapolichomeka gari mchana. Kuna kitufe cha kuchaji papo hapo ambacho huivuka ratiba hiyo. Kikibonyezwa na gari likaanza kuchaji, hakuna cha kutengenezwa isipokuwa mpangilio wa saa.

Upande wa ukutani, adui mkuu ni joto. Plagi ya kawaida ya Kenya ina fyuzi ya ampea 13, na imezoea birika linalochemka kwa dakika chache. Gari huvuta ampea 10 kwa saa 8 bila kupumzika. Ikiwa kiungo ndani ya soketi kimelegea na kuwa na ukinzani wa nusu ohmu tu, ampea 10 zitazalisha wati 50 za joto mahali padogo kama ukucha. Hilo linatosha kuyeyusha plastiki na, hatimaye, kuunguza nyumba. Soketi iliyobadilika rangi, inayonuka au inayochoma mkono ibadilishwe, na gari lipewe laini yake kutoka kwenye boksi la fyuzi.

Kati ya kifaa cha kuchajia na gari kuna mazungumzo. Waya mmoja mwembamba wa mawasiliano hubeba volti 12 wakati kebo haijachomekwa. Ikichomekwa, gari huishusha hadi volti 9, ishara kwamba lipo. Likiwa tayari kupokea umeme, huishusha hadi volti 6, na hapo ndipo kifaa huruhusu mkondo. Volteji ikikwama kwenye 12, gari halijatambuliwa: huenda pini imechafuka au waya umekatika. Ikikwama kwenye 9, gari limetambuliwa lakini limekataa, na sababu itafutwe ndani ya gari. Aidha, kitufe kilicho kwenye mshikio wa plagi kina swichi ndogo inayolijulisha gari kuwa kebo inachomolewa. Swichi hiyo ikichakaa, gari husitisha kuchaji kana kwamba kuna mkono unaoivuta kebo daima.

Panapopatikana chaja ya kasi ya CHAdeMO, kuna jaribio jingine lenye faida kubwa. Chaja hiyo hupeleka mkondo mnyoofu kwenye betri kuu bila kupitia chaja ya ndani. Gari linalokubali chaji ya kasi lakini linakataa ya nyumbani lina betri kuu inayopokea umeme, na kosa liko kwenye chaja ya ndani au njia yake. Jaribio la dakika 5 humwokoa mwenye gari na gharama ya betri.

Umeme Unapovuja Kuelekea Bodi

Imetajwa kwamba mfumo mkubwa haugusi bodi. Kusudi la utenganisho huu ni kuokoa maisha. Ncha moja ikivuja hadi kwenye bodi, mtu anayeligusa gari hapati madhara, kwa kuwa sakiti haijakamilika. Lakini uvujaji wa pili upande wa ncha nyingine ukitokea, bodi na mwili wa mtu huweza kuwa sehemu ya sakiti ya volti 400. Ndiyo maana kompyuta huupima uhami mara kwa mara na kulalamika kwenye uvujaji wa kwanza, hata kama gari bado linakwenda vizuri. Fundi anayeifuta kodi hiyo na kumrudishia mwenyewe gari kwa kuwa “linatembea tu” ameondoa kinga ya mwisho.

Kiwango kinachotumika sana ni ohmu 500 kwa kila volti moja. Kwa mfumo wa volti 400, uhami usipungue ohmu 200,000. Mfumo wenye afya husoma mamilioni. Multimita ya kawaida haifai kwa kazi hii, maana hupima kwa volteji ndogo, ilhali uhami uliochoka hushindwa volteji inapokuwa kubwa. Hutumika kipima uhami kinachotoa volti 500, mfumo ukiwa umezimwa kwa utaratibu uliotajwa, na kila sehemu ikiwa imetenganishwa ili ipimwe peke yake.

Wakati ambapo hitilafu hujitokeza huonyesha pa kuanzia. Ikija kipasha joto kinapowashwa, kipasha joto ndicho mshukiwa. Ikija wakati wa mvua na kutoweka jua likiwaka, maji yanaingia kwenye kiungo fulani chini ya gari. Ikija hewa baridi inapowashwa, kompresa ikaguliwe, na fundi aulize ni nani aliyeongeza gesi mara ya mwisho. Kompresa ya gari la umeme ina mota iliyozama katika mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo sharti yawe ya aina isiyopitisha umeme, ijulikanayo kama POE. Mafuta ya PAG yanayotumika katika magari mengi ya petroli hudhoofisha uhami wa mota hiyo. Gereji iliyotumia mashine ileile kwa magari yote huweza kuzua hitilafu ya volteji kubwa bila kugusa waya hata mmoja.

Seli Dhaifu na Alama ya Kobe

Betri kuu yenyewe ndiyo hushukiwa mwisho, baada ya mengine kuondolewa. Dalili yake mashuhuri ni hii: gari linaonyesha kuwa lina asilimia 30 ya chaji, dereva anapanda mlima, na ghafla alama ya kobe inawaka na nguvu kupungua. Jozi 96 zilizofungwa kwa mfululizo ni kama wasafiri katika msafara: hazikwendi kwa kasi ya aliye na nguvu bali ya aliye dhaifu. Jozi moja ikifikia kikomo cha chini, kompyuta huzuia mkondo wa zote, hata kama 95 zilizobaki zina akiba.

Uchunguzi wake hufanywa kwa kulinganisha. Gari likiwa limetulia na limejaa, jozi zote huweza kukaribiana, na tofauti ikawa ya milivolti chache tu. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hutangaza kuwa betri ni nzima. Mwenye subira huliendesha gari hadi chaji ishuke, kisha husoma volteji wakati wa kukanyaga mafuta, kama madereva wanavyoendelea kusema ingawa mafuta hayapo. Jozi inayoanguka hadi volti 3.0 ilhali wenzake wako kwenye 3.6 imejifichua.

Hata hapo kuna jambo la kupambanua. Seli dhaifu huzidi kuanguka kadiri chaji inavyopungua, na huchelewa kuinuka mzigo unapoondolewa. Kiungo kilicholegea kati ya moduli huanguka kwa kulingana na ukubwa wa mkondo, betri ijae au isijae, na volteji yake huinuka mara moja mkondo unapokatika. Cha kwanza huhitaji moduli nyingine yenye uwezo unaokaribiana na wa moduli zilizopo. Cha pili huweza kuhitaji kusafishwa na kukazwa tu. Kazi zote mbili hufanyika ndani ya betri iliyofunguliwa, na ni za fundi aliyefunzwa pekee. Lakini hata pale jawabu ni moduli, ni moduli 1 kati ya 48, si betri nzima.

Uzee Si Hitilafu

Si kila upungufu ni ubovu. Betri ya Leaf ya kwanza hupozwa na hewa inayopita nje yake tu, bila feni wala maji, na joto huizeesha haraka. Mnamo 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamikia upungufu huo, na baadaye Nissan ikatangaza dhamana ya uwezo wa betri. Kipimo cha dashibodi kina vijisehemu 12: cha kwanza hupotea uwezo ukipungua kwa takriban asilimia 15, na kila kinachofuata kwa asilimia 6.25. Gari lenye vijisehemu 8 basi limebaki na karibu asilimia 66 ya uwezo wake. Kama lilikwenda kilomita 117 likiwa jipya, sasa litakwenda takriban kilomita 77. Jozi zake zote zikiwa zimelingana, gari hilo halina hitilafu ya umeme. Lina umri, na mwenyewe anafaa kuambiwa ukweli huo kabla hajalipia matengenezo yasiyoweza kuurudisha ujana.

Hitimisho

Utaratibu uliofafanuliwa unaweza kufupishwa hivi: kusikiliza, kupima betri ndogo, kukagua viungo, kubadilishana vifaa vya kuchajia, kupima uhami, na mwisho kuchunguza seli za betri kuu. Mpangilio huu unatoka kwenye rahisi hadi ghali na kutoka kwenye salama hadi hatari, hivyo anayeufuata hahitaji kuwa na bahati ili asimtie mteja wake hasara.

Utaratibu huo unadai lugha inayoulingana. Maadamu “betri imekufa” inaweza kumaanisha mambo mawili, fundi na mteja wataendelea kukubaliana bila kuelewana. Maneno “betri ndogo” na “betri kuu” hayana ugeni wowote, na yanatosha kuondoa utata huo. Vivyo hivyo “kuvuja kwa umeme” kutofautishwe na “kuisha kwa chaji”, na “hitilafu” kutofautishwe na “uzee”. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi hapa, maana mwongozo wa usalama ambao fundi hauelewi haumkingi. Neno lililochaguliwa vizuri kwenye kibandiko cha kebo ya rangi ya machungwa linaweza kuwa ndilo tofauti kati ya fundi anayerudi nyumbani jioni na asiyerudi.